Cherehani Iliyotoka Kwa Sadala

Nimekuwa jirani wa Mzee Ndelilio na mkewe Hilda tangu nilipoolewa hapa Mwika. Kihamba chao, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, na chetu vinatenganishwa na mfereji tu, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho, na yale nisiyoyaona walinieleza wenyewe, hasa Hilda.

Ndelilio alikuwa fundi wa cherehani. Kazi aliijua ujanani, katika duka la Mhindi mmoja mjini Moshi, enzi zile mwanamke wa mlimani akishika fedha ya kahawa ananunua kwanza bati, kisha cherehani. Duka lilipofungwa alirudi nyumbani na bisibisi zake, akajenga kibanda cha mbao nyuma ya nyumba. Sifa yake kubwa ilikuwa kufungua mashine zilizokamata. Watu walimletea cherehani zilizokaa darini miaka kumi, nyingine kuku wametagia juu yake, gurudumu halisogei hata upana wa ukucha. Aliziloweka mafuta ya taa, akazifunika gunia, akaziacha. Mwenye mashine akija kuuliza alijibiwa, "Kutu imeingia miaka kumi. Wewe unataka itoke Jumamosi?"

Mitumba ilipoanza kuingia kwa wingi, miaka ya themanini inaelekea mwisho, gauni zima pale soko la Kiboriloni likawa rahisi kuliko kitambaa cha kulishonea. Washonaji walioketi barazani wakauza mashine zao mmoja mmoja. Kibanda cha Ndelilio kikawa kimya. Alilima kahawa kama sisi wote, na kahawa nayo ilikuwa hailipi.

Walijaliwa mtoto mmoja, Victoria, tuliyemwita Viki. Aliolewa mbali na hapa, mahali panapoitwa Kwa Sadala, mwaka themanini na sita, na baba yake alimpa cherehani nyeusi yenye maua ya dhahabu ubavuni, aliyoitengeneza kwa mikono yake. Mumewe Viki alifariki mwaka tisini na moja, baada ya kukonda mwaka mzima. Kilipoanza kikohozi cha Viki mwenyewe, wakwe zake walimrudisha kwao na begi moja. Mtoto wake, Zita, aliyekuwa na miaka minne, walibaki naye. Mtoto ni wa ukoo wa baba, hilo kila mtu huku analijua, na hakuna aliyebishana.

Viki aliugua kwa wazazi wake mwaka mmoja na nusu. Ndelilio aliuza mashine zote zilizokuwa kibandani, na mwisho akauza ya Hilda. Tulimzika Viki migombani, mwezi wa nane mwaka tisini na tatu.

Baada ya hapo Hilda hakuwa na neno jingine ila Zita. Hakumtaka moja kwa moja. Alitaka aletwe likizo tu, ale ndizi za bibi yake, aone lilipo kaburi la mama yake. Mwezi wa sita mwaka uliofuata alimtuma mumewe. Ndelilio alivaa koti lake la kanisani, akachuma jani la sale, maana kwa desturi yetu anayekuja na jani hilo anaomba kwa heshima zote, na ni vigumu kumkatalia.

Baba mkwe wa Viki, Mzee Eliezeri, alimpokea vizuri. Alimpa kiti. Jani alilipokea, akaliweka mezani pembeni ya redio, akasema yeye ameokoka na mambo hayo ameyaacha.

"Mtoto anasoma," alisema Eliezeri. "Ametulia. Akija huko ataonyeshwa kaburi, ataanza kuuliza mama alikufa na nini. Wewe utamjibu nini, mzee mwenzangu?"

Ndelilio alilitazama lile jani pembeni ya redio.

Wakati wanazungumza, mtoto wa kike alipewa kikombe cha maji ampelekee mgeni. Alipiga goti, akasema, "Shikamoo babu." Alisema babu kama mtoto anavyomwambia mzee yeyote. Ndelilio aliitikia marahaba, akanywa yale maji yote, akamrudishia kikombe. Mtoto alikuwa na paji la uso la Viki. Hakuna aliyemwambia mtoto mgeni ni nani, na Ndelilio, sijui kwa aibu au kwa woga, naye hakusema.

Alipoaga, Eliezeri alimsindikiza mpaka kwenye zizi la mbuzi. "Kuna cherehani ya marehemu hapa. Haifai tena, lakini ni yenu." Ilikuwa imelala ubavu kwenye matope ya mbuzi, imenyeshewa masika mbili. Ndelilio akaifunga kwa kamba, akaibeba begani hadi barabarani. Aliniambia baadaye kwamba hakuweza kurudi mikono mitupu.

Hilda alikuwa amesimama kwenye njia ya migomba, amevaa kitenge kipya. Aliangalia nyuma ya mumewe kama kuna mtu anafuata.

"Baba Viki, nilikutuma mtoto," alisema.

"Wamekataa."

"Nilikutuma mtoto, umeniletea chuma."

Ndelilio aliitua ile mashine chini. Na hapo ndipo alipotoa ahadi. Alisema ataifungua. Ikishona, Hilda atamshonea Zita gauni la Krismasi, na watalipeleka wenyewe Kwa Sadala. Mtu aliyeleta nguo ya mtoto hafukuzwi mlangoni. Mtoto atavaa, ataambiwa imeshonwa na bibi yake kwa mashine ya mama yake, na kuanzia hapo atajua ana watu Mwika.

Hilda alimuuliza kwa nini wasinunue gauni Kiboriloni, waende wiki ile ile.

"Mjukuu wangu nimpelekee nguo ya marehemu wa Ulaya?" alisema Ndelilio. "Wale watu watacheka." Mitumba ilikuwa imeiua kazi yake, na hakuipitisha mlangoni kwake. Hilda alikwenda Mwika sokoni akanunua kitambaa cha rangi ya samawati chenye vitone vyeupe, akakiweka kabatini.

Tangu siku ile tulimwona fundi wa zamani amerudi. Alikwangua matope ya mbuzi kwa kijiti. Aliitia mashine kwenye karai la mafuta ya taa, akaigeuza kila asubuhi kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani. Skurubu zilizokataa alizipasha moto kwa kaa moja, akazijaribu, akaziacha, akazijaribu tena kesho. Kulikuwa na siku skurubu moja ndiyo kazi ya siku nzima. Mwezi wa tisa alikuwa ametoa mguu unaokandamiza kitambaa na kishikio cha sindano. Maua ya dhahabu yalianza kuonekana chini ya kutu, machache. Mwezi wa kumi nilikuwa nachota maji mferejini nikamsikia anamwita mkewe. Gurudumu lilikuwa limesogea. Hilda aliweka kidole chake juu, akalisukuma, likaenda nusu ya unene wa kidole na kurudi. Nilimwona akitabasamu, na sikuwa nimemwona akitabasamu tangu msiba.

Kisha halikwenda tena. Ndani ya mkono wa cherehani hupita nondo ndefu inayotoka kwenye gurudumu hadi kwenye sindano, na ilikuwa imeshikwa sehemu moja, katikati, mahali ambapo mafuta hayafiki kwa urahisi. Dawa yake ilikuwa kungoja. Yeye ndiye aliyewafundisha watu wote kungoja. Lakini Novemba ilikuwa inakwisha, na vijana wa Dar walikuwa wameanza kutuma habari kwamba wanakuja Krismasi, na kila nyumba ilikuwa inapakwa chokaa.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba alijaza jiko mkaa, akaupasha ule mkono wa mashine moto kuliko alivyowahi kuupasha mwingine wowote. Akaweka kipande cha mti kwenye ncha ya nondo, akagonga kwa nyundo. Mara ya kwanza polepole. Mara ya tatu kwa nguvu. Chuma cha mashine hizo hakipindi; kikizidiwa, hupasuka kama chungu. Kilipasuka kwa sauti fupi, kavu, ufa ukashuka kutoka chini ya mkono hadi kwenye kitako. Wachomeleaji wa Kiboriloni wangeweza kuziba, lakini nondo isingekaa mstari tena. Alilijua hilo kabla hata nyundo hajaiweka chini.

Aliifunika mashine gunia. Jioni Hilda alimuuliza imefikia wapi.

"Mafuta bado hayajaingia," alisema.

Akasema hivyo hivyo Jumatatu, na wiki iliyofuata. Kila asubuhi aliingia kibandani, akafunga mlango, akakaa humo mpaka mchana, na mtu aliyepita nje alisikia chuma kikigusa chuma. Krismasi ikafika. Nyama ikachomwa kila nyumba, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, watoto wakapita njiani na nguo mpya. Ndelilio akamwambia mkewe itakuwa tayari Pasaka. Januari nzima aliingia kibandani. Februari pia. Alikonda, mikono yake ikanuka mafuta ya taa hata akiwa kanisani, na mashine aliyokuwa akiitengeneza ilikuwa imekufa tangu Desemba.

Jumatano ya Majivu walirudi kutoka misa, wakakaa jikoni. Ndelilio akasimama, akasema anakwenda kuangalia kama mafuta yameingia.

"Baba Viki, kaa," alisema Hilda. "Nilisikia ilipovunjika."

Ndelilio alibaki amesimama.

"Nilikuwa napukuchua maharage hapa hapa. Nilisikia. Nimekaa miaka thelathini na kelele za kazi yako, naijua sauti ya kitu kilichofunguka na naijua ile nyingine."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekuwa huna pa kwenda asubuhi. Na mimi ningekuwa sina cha kungoja."

Hilda aliniambia kwamba mzee alikaa chini, akafunika uso kwa viganja, na yeye hakumfariji. Alikuwa amechoka. Aliendelea kuchambua mboga mpaka zikaisha.

Wiki ya Pasaka Hilda alishuka Kiboriloni peke yake. Akapekua lundo la nguo za watoto, akapata gauni jeupe lenye ukosi wa lesi, zuri hasa, halina hata doa. Lilikuwa rahisi kuliko nauli ya kwendea. Kutoka hapo akapanda gari hadi Kwa Sadala.

Hakumkuta Zita. Mzee Eliezeri alimweleza kwa upole kabisa. Shangazi yake mtoto, ambaye mumewe alikuwa amehamishiwa kazi Sumbawanga, alikuja kula Krismasi, akaona mtoto anakua bila mama, akamchukua. Waliondoka wiki ya pili ya Januari.

"Mngekuja Krismasi mngemkuta," alisema Eliezeri. "Alikuwa hapa hapa uwanjani anacheza."

Hilda aliomba anwani. Akaambiwa bado hawajaandika, wakiandika ataletewa. Akamwachia mzee lile gauni alitume atakapopata mtu wa kumpa. Kama lilifika hatukujua, na anwani haikuletwa. Hilda alirudi mara mbili kuiulizia. Mara ya tatu Eliezeri alikuwa amefariki, na nyumba inakaliwa na kijana asiyemjua.

Ndelilio hakufungua kibanda tena. Mwaka mmoja baadaye mama mmoja wa Marangu alikuja na cherehani imekamata, amembebesha mwanawe kichwani tangu barabarani. Mzee aliitazama akiwa kitini, bila kuigusa, akasema kazi hiyo yeye haijui. Yule mama akadhani amekosea nyumba. Akaja kuniuliza mimi fundi Ndelilio anakaa wapi, na mimi nikamwambia hayupo.

Alifariki mwaka elfu mbili na moja. Msibani Hilda alikaa mkekani karibu na mlango, na kila gari liliposimama barabarani aligeuka kuangalia anayeshuka. Nilimuuliza anamngoja nani.

"Simngoji mtu," alisema. "Hata akija sitamjua."