Anayepaka Majani Rangi ya Kucha

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Tobin Hruska amepiga magoti kati ya mistari ya soya na anapaka jani rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, ya kung'aa tu. Analipuliza likauke, anabandika selotepu, anaibandua taratibu. Kwenye selotepu imebaki ngozi nyembamba yenye alama za vitundu ambavyo jani hupumulia.

"Bibi harusi huyo anaolewa lini?" anauliza Lavonne Stuhr, mhudumu wa shamba hili la chuo, mashariki mwa jimbo la Nebraska, Marekani, kwa miaka ishirini na sita.

"Jumamosi. Njoo na zawadi."

"Nitamletea mbolea."

Tobin, mwenye miaka 20, anasomea kompyuta. Hadi Mei hakujua kama jani lina vitundu. Kiangazi hiki analipwa dola 550 kwa wiki kutengeneza programu ya kuvihesabu kwenye picha za hadubini. Mbegu ambayo majani yake yana vitundu vichache haipotezi maji ovyo, na wakulima wa huku, mvua ikigoma, huitafuta kwa tochi.

"Nilidhani nitakaa kwenye kiyoyozi," anasema, akionyesha magoti yaliyochubuka. "Wapi!"

Wiki ya saba programu ilitoa jibu lililowarusha watu vitini: mbegu namba 41 ina nusu tu ya vitundu vya mbegu nyingine. Profesa Meenal Gokhale, mkuu wa maabara, aliwanunulia watu wote donati. Bango lake la maonyesho ya kazi za wanafunzi, Alhamisi ya wiki iliyofuata, likachapishwa. Maabara ina nafasi moja tu ya mwanafunzi wa kuendelea na utafiti mwaka mzima, na wenzake wakaanza kumpongeza Tobin mapema.

Jumatatu, Lavonne alikuwa akipalilia karibu naye. Akashika jani la 41 na kulisugua kwa kidole gumba.

"We Tobin, hili lina manyoya kama paka. Hiyo rangi yako inafika chini kweli?"

Tobin alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Jumanne kutwa alihesabu kwa macho yake, picha 212. Palipokuwa na manyoya rangi haikugusa jani, na programu, ilipoona weupe mtupu, iliandika sifuri. Akanyoa majani kumi kwa wembe, akayapaka upya. Vitundu vikajitokeza tele, sawa na vya mbegu nyingine yoyote.

Angeweza kunyamaza. Hata Lavonne hakujua alichokiona kwenye picha.

"Nilifikiria kunyamaza, sikatai," anasema. "Niliitaka ile nafasi vibaya sana. Nikijua ni uongo, ningeichukua vipi?"

Jumatano asubuhi alibisha hodi ofisini kwa profesa.

"Arobaini na moja ni ya kawaida, Profesa. Nimeinyoa."

"Umeifanya nini?"

"Nimeinyoa. Majani kumi."

Profesa alitazama picha moja moja. Ombi lake la fedha za utafiti lilikuwa tayari limetaja mbegu hiyo. "Bango lile lichane," alisema mwishowe, "kabla sijaanza kulia."

Alhamisi Tobin alisimama mbele ya bango jipya, "Jinsi Manyoya Yalivyoidanganya Kompyuta Yangu". Wengine walikuja na uvumbuzi, yeye alikuja na kosa lake. Nafasi ilikwenda kwa mwenzake anayechunguza mizizi ya mtama. Iliuma, na bado inauma.

Wiki ijayo anarudi nyumbani, kwenye kazi ya kupima mahindi ghalani. Lakini Lavonne ameahidi kumtumia majani kwa posta, yenye manyoya na yasiyo nayo, na profesa amemwachia hadubini kuukuu.

"Programu ilipofika mahali haioni, iliandika sifuri, na sisi tukaamini," anasema Tobin. "Nataka ijifunze kusema 'sijui'. Sasa hivi haiwezi. Mimi ndiye niliyeiandika, na haikunijia akilini kabisa kwamba italihitaji neno hilo."