Kisima cha Baba na Kemia ya Penseli

Siku ile naikumbuka kama jana, mwanangu. Tulikuwa tunatoka darasa la jioni, hapa Ikungi, enzi za Mwingereza, nikamsikia Saidi, mtoto wa wenye duka kule Singida mjini, akisema kwa sauti ya mtu aliyeona: "Ulaya siku hizi kuna maprofesa wa kemia wasiogusa chupa wala moto. Mtu anakaa na penseli, anaandika hesabu ya maji, na maji yanakuwa vile alivyoandika."

Unacheka? Mimi niliamini mpaka kichwa kikavimba, kofia ikakataa kuingia.

Uvumi ule ulikuwa na mguu mmoja wa kweli. Mwalimu Yona, aliyetufundisha, alikuwa ametueleza kwamba zamani kemia ilikuwa kazi ya kuchemsha na kuchanganya tu, lakini sasa vyuo vikuu vya mbali vimelikuza somo zima la nadharia. Wasomi wake wanakokotoa kwa karatasi jinsi chembe zinavyoshikana. Akatuchorea ubaoni chumvi ndani ya maji: miduara, mishale, namba. Nikanakili yote. Darasa zima, nakuambia, hakuna aliyenakili kwa mbwembwe kama mimi.

Sasa, nyumbani baba alikuwa amechimba kisima. Alichimba mpaka tukadhani atatokea upande wa pili wa dunia, na maji yakatoka machungu, ya chumvi, ng'ombe wakinusa wanageuza shingo. Mwaka huo mvua ilituruka. Majirani wakaanza kuswaga mifugo kwenda mbuga ya Wembere, ambako madimbwi yalikuwa hayajakauka.

Baba akaniita. "Wenzetu wanaondoka kesho. Nasi twende?"

"Baba, ngoja kidogo. Nikimaliza hesabu yangu, kisima hiki kitatoa maji matamu kuliko asali ya Itigi."

Mzee Mtinangi, jirani yetu, alikuwa anapita na fimbo yake. Akasimama. "Msomi, na nyasi je? Ng'ombe utawachorea?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alisema, "Huyu amesoma. Mimi nangoja."

Mwanangu, hilo neno ndilo linaloniamsha hadi leo.

Nikakaa kando ya kisima na karatasi zangu, nachora miduara, nafuta, nachora tena. Kila nikimaliza naonja maji. Machungu. Narudia, nadhani mshale mmoja umepinda. Wakati huo ng'ombe walikuwa wanakonda hadi unaweza kuwahesabu mbavu ukiwa barabarani. Tulipokubali kuondoka hawakuwa na miguu ya kufika Wembere. Walianguka njiani mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Sumuni, yule mwenye baka la duara kipajini, aliyekuwa akitunywesha maziwa sote. Baba akamfungua kamba shingoni, akaikunja taratibu, akaniuliza bila hasira hata kidogo:

"Hesabu imefika wapi?"

Laiti angenichapa. Hatukupata tena zizi, na baba akaenda kulima mashamba ya watu mpaka mgongo ukamshinda. Kaburini alienda akiniita msomi wake.

Kwa hiyo nakuambia wazi, wewe unayebeba vitabu kwapani. Somo la nadharia ni kubwa na litazidi kukua, lisome, ulipende. Lakini ukijua nusu, sema ni nusu, hasa mbele ya anayekupenda, kwa maana yeye hatakupima. Uliza kwanza elimu hii inafanya nini na haifanyi nini, kabla mtu hajafunga zizi lake akikungoja wewe. Na neno "sijui" lisikukwame kooni. Mimi lilinikwama.

Mungu akupe akili, akupe na watu wa kuuliza, na wakikuamini asiwaache wapotee kwa ajili yako.

Mimi niliuliza nimechelewa. Nilimpelekea Mwalimu Yona karatasi zangu, nikamwomba anionyeshe nilipokosea. Alizisoma zote, akanirudishia.

"Hujakosea mahali. Hii inaeleza chumvi inavyoyeyuka kwenye maji. Kuitoa ni kazi nyingine, na haifanywi kwa penseli."