Kaka Katika Chumba cha Magazeti

Kaka yangu aliondoka nyumbani kwetu Keko nikiwa kidato cha pili. Alikuwa fundi wa vanishi. Maseremala wa barabarani wakimaliza kitanda au kabati, yeye ndiye aliyekipiga msasa na kuking'arisha. Asubuhi ile aliaga kwamba anakwenda Masasi kwa babu, kusaidia msimu wa korosho, kisha atarudi. Mama alimfungia maandazi ya njiani. Hakukuwa na ugomvi wowote. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila aliyetuuliza baadaye alianzia hapo.

Masasi hakufika. Simu yake iliita siku za mwanzo bila kupokelewa, halafu ikawa haipatikani. Mama alikwenda kituo cha mabasi, akaenda polisi, akazunguka hospitali, akaingia mpaka vyumba vya maiti huku shangazi kamshika mkono. Muda ulipokuwa mrefu, ndugu walianza kusema kwa upole kwamba tuweke matanga, roho zitulie. Mama alikuwa anashona, hakuinua hata kichwa.

"Matanga ya nani?" akauliza. "Mie sijazika mtu."

Hawakurudia tena.

Miaka ikaenda. Nilisoma, nikapata kazi Kawe, upande mwingine wa mji wetu, kwenye taasisi ndogo yenye maktaba chini na jumba la sanaa juu. Mwaka juzi mkuu wetu alitaka tufanye maonyesho ya picha za zamani za maisha ya kila siku ya pale. Picha zilikuwa kwenye maboksi chini ya ngazi, zimepigwa kwa miaka mingi na mfanyakazi mmoja ambaye sasa amestaafu. Mimi nikapewa kuzichambua na kuandika maneno machache chini ya kila moja.

Niliipenda kazi ile. Kulikuwa na wanawake wanasubiri mvua ikatike, vitabu wamevifunika kwa khanga, vichwa vyao vinalowa. Mchongaji kasinzia uani, kichwa kakilaza juu ya gogo la mpingo. Mzee mmoja wa Kiarabu, mwenye duka jirani, anapapasa meza akitafuta miwani iliyo kwenye paji la uso wake. Nilicheka peke yangu.

Picha iliyofuata ilikuwa ya kaka.

Amekaa chumba cha magazeti, karibu na dirisha, gazeti kalikunja mara mbili kama alivyokuwa akilikunja nyumbani, kidole cha gumba mdomoni. Amekonda. Niliigeuza nyuma, haikuandikwa tarehe. Nikajiambia, kumbe alikuwaga anakuja huku kabla hajaondoka na sie hatukujua. Wazo hilo halikudumu. Nyuma yake ukutani kulikuwa na mchoro mkubwa wa rangi, wanawake wanatwanga, ambao mpaka leo uko pale. Kwenye kona yake wachoraji wameandika mwaka. Nilikuwa naupita kila siku nikienda kunywa chai. Ulikuwa mwaka niliofanya mtihani wa kidato cha nne, miaka miwili baada ya yeye kuondoka.

Kwa hiyo alikuwa hapa, mjini, wakati mama bado anamtafuta kwenye vyumba vya maiti.

Jumamosi nilikwenda Bunju kwa yule mstaafu. Nilimkuta anamwagilia mchicha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilimpa picha. Aliisogeza juani, akaitazama kwa muda.

"Huyu namkumbuka. Alikuwa anakujaga asubuhi, anakaa hapo hapo dirishani. Mpole sana. Siku moja aliniuliza kama tunahitaji mtu wa kupiga vanishi rafu za vitabu. Nikamwambia akaulize ofisini. Sijui kama aliuliza."

"Mchoro ulikuwa umeshachorwa?"

"Si unauona? Umeshakauka na vumbi limeshashika." Akanitazama. "Mnafahamiana?"

"Ni kaka yangu."

Akaweka ndoo chini. Nilimuuliza alikuwa anakaa wapi, anakuja na nani, aliacha kuja lini. Kila swali alilifikiria kwa bidii, naona kabisa anavyolitafuta jibu, na kila mara alitikisa kichwa. Mwishowe akaniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyempoteza. Alinichumia mchicha. Nikarudi mjini nao, sijui la kufanya.

Nilikusudia kumwonyesha mama picha bila kumwambia ni ya lini. Angefurahi kuiona sura yake, basi. Jioni nikamwekea mapajani. Mama hakulia. Alivaa miwani yake ya kushonea, akapitisha kidole juu ya kifua cha mwanawe polepole.

"Hili shati si langu," akasema.

"Labda alinunua, mama."

"Shati zake zote nilishona mie. Aliondoka na la mistari na la bluu. Kola hii siijui." Akainama zaidi. "Na kifungo hiki kimeshonwa upya, uzi wake mwingine. Alikuwa na mtu. Kuna mtu alikuwa anamwangalia." Kisha akanigeukia. "Hii ya lini?"

Nilishindwa kudanganya. Nilimweleza yote, mchoro, mwaka, Bunju. Alipoelewa aliuliza neno moja tu.

"Kawe? Kawe hii hii?"

"Hii hii, mama."

Akavua miwani. Usiku ule hakula.

Mkuu wangu alipojua, alisema ni juu yetu kuamua kama picha itundikwe na kama jina litaandikwa, huenda mtu akamtambua. Mimi nilitaka jina, na simu yetu, kwa herufi kubwa. Mama akakataa.

"Andika anasoma gazeti. Akipita mwenyewe, aone hatukumshitaki kwa watu."

Siku ya kwanza ya maonyesho alikuja na mimi, amevaa gauni la sikukuu. Akakaa kwenye benchi mbele ya picha ya mwanawe. Kesho yake akaja tena. Ikawa hivyo kila siku ya kazi, kutoka Keko mpaka Kawe, na miguu yake ile ya kuuma. Sikuweza kumwambia asije. Ningemwambia nini? Nilikuwa naazimisha watu vitabu huku chini nikijua yupo juu yangu, anasubiri.

Mchana mmoja nilipanda kumpelekea chai. Kijana mmoja alikuwa amesimama mbele ya ile picha, hatoki. Mama alikuwa ameshainuka, mkono kaushikilia ukuta.

"Unamfahamu, baba?"

Kijana akashtuka. "Hapana, bimkubwa. Naangalia feni hilo la juu. Tulikuwaga nalo kama hilo nyumbani."

"Haya," mama akasema. "Ni feni zuri."

Akarudi kukaa. Nilimshikisha kikombe, akakiweka benchini bila kukionja. Nilitaka kumfuata yule kijana nimgombeze, lakini alikuwa amekosa nini?

Maonyesho yalipokwisha picha zilishushwa. Mama alikataa nakala aliyopewa, akasema anachotaka si karatasi. Akahamia chini, kwenye chumba cha magazeti chenyewe. Alichagua kiti kinachotazama mlango. Mama hajui kusoma vizuri, lakini alifungua gazeti mbele yake ili asionekane anakaa bure. Kila mlango ulipolia aliinua macho, nami kwenye meza yangu nikajikuta nainua yangu.

Masika yaliyopita miguu ilimvimba, daktari akamkataza safari ndefu. Sasa anabaki nyumbani na cherehani yake. Nikirudi jioni, hata viatu sijavua, ananiuliza leo walikuja akina nani. Mwanzoni nilijibu kwa kifupi kwamba hakuja mtu, nikaona uso wake unavyoanguka. Siku hizi namtajia wote. Mstaafu wa reli anayesoma matangazo ya vifo. Dada wa chuo aliyelala juu ya daftari. Mwanaume mmoja mgeni, mnene, mwenye mvi, aliyeuliza msalani ni wapi.

"Mnene?" mama anauliza.

"Mnene, mama. Na mrefu kuliko yeye."

Anafikiri kidogo, mguu ukikanyaga cherehani bila kitambaa.

"Haya," anasema. "Nenda kale. Chakula nimekifunika."