Nilivyokamua Alizeti kwa Kimakua

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Kazi yenyewe ilikuwa kukamua alizeti katika kiwanda kidogo pale Utemini, mjini Singida. Fundi Mkuu aliitazama tai, akaitazama mikanda ya mashine inavyozunguka, akaniambia nichague mojawapo. Nilikuwa na shahada ya uchumi. Zamani ukimaliza chuo serikali ilikupangia kazi. Ilipofika zamu yetu soko huria lilikuwa limeingia, kila mtu ajitafutie.

Nilijitafutia hadi Msumbiji. Mfanyabiashara mmoja wa kaskazini, aliyejifunza Kiswahili alipokuwa mkimbizi kwetu, alikuwa amenunua mashine kama ya Utemini na alitaka mtu wa kuiendesha kwa msimu mmoja. Nyumbani Kiomboi niliagwa kwa kishindo, mbuzi akachinjwa. Baada ya mbuzi yule, kurudi mapema kungekuwa aibu ya kuhama wilaya.

Nilikuta mashine safi na yadi tupu. Wakulima hawakuleta alizeti.

"Wakiendelea hivi hadi mwisho wa mwezi, utarudi kwenu," alisema yule mfanyabiashara, ambaye kiwandani aliitwa Meneja. "Siwezi kulipa mlinzi mwenye digrii."

Wakulima walizungumza Kimakua, nami sikujua hata kuomba maji. Mwalimu wangu akawa Mama Fatima, muuza mihogo ya kuchoma getini. Kiswahili alikijua vizuri, ila alikataa kuniuzia kwa lugha hiyo.

"Mwanangu, muhogo huu ni Mmakua," aliniambia. "Uombe kwa lugha yake."

Siku za mwanzo nilishinda na njaa. Kisha nikapata muhogo, baadaye chumvi, hatimaye habari: wakulima waliamini kiwanda kinawapunja. Msimu uliopita magunia yao yalichanganywa, wakapimiwa mafuta kutoka pipa moja, mashudu yakabaki kiwandani. Mashudu ni yale makapi yanayobaki baada ya kukamua. Ng'ombe huyapenda kuliko majani.

Nikamweleza Meneja utaratibu wa Singida: mteja anakaa kando ya mashine, anakamuliwa alizeti yake mwenyewe, anaondoka na mafuta na mashudu yake.

"Mashudu ndiyo faida yangu," alisema.

"Kwa sasa, bosi, faida yako ni yadi iliyofagiliwa vizuri."

Alikunja uso, lakini akakubali tujaribu.

Siku ya gulio nilipanda juu ya kreti nikatangaza kwa Kimakua. Soko zima lilicheka. Niliporudia walicheka zaidi, ila mzee mmoja alinifuata na gunia lake. Nilimwekea kigoda kando ya mashine. Alitazama mbegu zake zikiingia na mafuta yakitiririka, akachovya kidole, akalamba, akachovya tena. Aliondoka akisukuma baiskeli, dumu na mashudu vimefungwa nyuma.

Kesho yake foleni ya baiskeli ilivuka geti, na mihogo ya Mama Fatima ikaisha kabla sijapata wangu. Nilimaliza msimu, nikaongezewa mwingine.

Nilirudi kusimamia viwanda vya Singida mpaka nikastaafu. Juzi, nikiwa Ilongero, nilikutana na dereva wa lori kutoka kule Msumbiji. Nilimsalimia kwa Kimakua, nikaulizia wazazi, mvua na mazao. Alicheka mpaka akaegemea tairi.

"Mzee," alisema, "unaongea kama mama muuza mihogo."

Nikamchukua nyumbani kula, ili alirudie hilo mbele ya mke wangu.