Shangazi Apima Upya Nafasi ya Plagi

Umewahi kujiuliza, ukizungusha ufunguo na gari likaitika, ule moto wa kwanza umetoka wapi na umeruka umbali gani?

Umeruka mahali padogo kuliko upana wa punje ya mchele. Na kama gari lako limepitia gereji iliyo nyuma ya wauza mbao, basi mahali hapo pamewahi kupimwa na mwanamke mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Shangazi.

Saa moja na nusu asubuhi anaketi kwenye kigoda kilichotengenezwa kwa ringi ya gari. Anatandaza kitambaa cheupe mapajani, cheupe kweli, katika gereji ambayo hata kuta zimelowa oili.

“Kitambaa cheusi kinaficha mchanga,” anasema. “Mimi nataka niuone.”

Plagi nne za kwanza ziko kwenye kopo la petroli. Anaitoa moja, anaisugua kwa brashi ya waya, anaipuliza, anaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Kichwani mwa plagi kuna kijiti cha katikati, na juu yake kuna mkono mdogo wa chuma uliopinda. Kati ya viwili hivyo ndipo cheche inaporuka.

“Pakibana, cheche inatoka kinyonge. Pakiachama sana, inashindwa kuvuka, hasa gari likipanda mlima na mzigo,” anaeleza. “Lakini kijiti cha katikati hakiguswi. Ukikisukuma, kauri inapasuka kwa ndani na hutaona. Huu mkono wa nje ndio wenye adabu. Ukiuambia inama, unainama.”

Anaugonga kwenye kipande cha chuma, taratibu, kama anayebisha hodi kwa mtu aliyelala. Kisha anapitisha geji, jani jembamba la chuma lililofungwa pamoja na wenzake kama kipepeo cha mkononi. Jani linapita kwa kusita kidogo. Huko kusita ndiko anakokutafuta.

“Likipita bila kugusa, umekosea. Likikwama, usilisukume, umekosea vilevile.”

Kazi hii ameirithi kwa baba yake, aliyeianzisha gereji. Alipomaliza shule ya msingi hapakuwa na ada ya kuendelea, akaja kukaa hapa pamoja na kaka yake. Baba alipofariki, kaka akashika injini, yeye akabaki na plagi.

“Hakuna aliyekaa akagawa,” anasema. “Ilitokea tu, kama watu wanavyozoea upande wa kulala kitandani.”

Akaolewa, akafiwa na mume, akalea mabinti wawili kwa plagi hizohizo. Siku njema hushika arobaini. Siku mbaya hushika nne, halafu anafagia uwanja ili asionekane amekaa bure.

Lakini kuna jambo moja linalomshangaza mgeni akikaa hapo kwa muda. Shangazi hajawahi kurudisha plagi hata moja ndani ya injini. Akimaliza, kaka yake, mwanaume mpana mwenye kofia iliyokwisha rangi, ananyoosha kiganja bila kugeuka.

“Lete, dada.”

Anazikaza mwenyewe, anaingia garini, anawasha. Shangazi anasikiliza akiwa ameupa mlio kisogo, kwa kuwa mkononi tayari ana plagi za gari linalofuata.

“Magari ya mji huu nayajua kwa mgongo,” anasema, na kucheka kidogo. Halafu anaongeza kwa sauti ya chini, akimtazama kaka yake asije akasikia: “Natamani siku moja niwe na injini yangu, mwanzo hadi mwisho. Sijamwambia. Nitaanzaje?”

Hata hiyo geji ina historia yake. Miezi michache iliyopita haikuwa mkononi mwake. Ilikuwa kwenye droo, ndani ya karatasi yake ya dukani, kwa sababu kaka alikuwa akisema geji ni ya watu wasio na mkono wa ufundi. Kipimo cha gereji kilikuwa kipande cha msumeno wa kukatia chuma, cha tangu enzi za baba. Ukikipitisha ubapa kati ya kijiti na mkono, kikigusa huku na huku, plagi iko tayari. Magari ya zamani yaliondoka hapo yakiimba.

Kisha likaja gari la mkunga.

Mkunga huyo huitwa usiku na mchana, na gari lake dogo, la miaka ya karibuni, lilikuwa likitetemeka kila liliposimama. Barabarani halina neno. Likifika mlangoni kwa mgonjwa, injini inatikisika, inazimika. Kaka akabadilisha plagi. Likarudi. Akasafisha njia ya mafuta. Likarudi.

“Fundi, mimi sina ugomvi na wewe,” mkunga alimwambia kaka mara ya tatu. “Lakini mtoto hasubiri gari lipoe. Likinirudisha hapa tena, nitatafuta gereji nyingine, na wenzangu wa zahanati nitakwenda nao hukohuko.”

Magari ya watu wa zahanati ndiyo nusu ya kazi ya gereji. Kaka hakula mchana siku hiyo.

Shangazi naye alikuwa na lake. Kwa muda mrefu alikuwa ameona jambo akalinyamazia. Kila plagi mpya ya magari haya ya siku hizi, ikitoka kwenye boksi, ilikuwa imeachama kuliko msumeno wa baba. Na kila mara yeye aliigonga mpaka ilingane na msumeno.

“Nilikuwa nadhani wanazitengeneza kwa haraka,” anasema. “Siku ile nikajiuliza, hivi watu wa kiwandani wote wakosee, tena wakosee sawasawa, boksi kwa boksi? Au ninayeziharibu ni mimi?”

Akavuka barabara kwenda kwa muuza spea, akamwomba ampimie plagi mpya ya gari la aina hiyo. Muuza spea akachomoa geji yake: milimita moja na ushee. Msumeno wa baba haukufika hata robo tatu ya hapo.

“Lakini Shangazi,” muuza spea akamuuliza, “kwani nyinyi huwa mnapimia nini?”

“Nikamwambia naharakisha, nimeacha moto jikoni.”

Kumwambia kaka ndiko kulikuwa na kazi. Ilikuwa ni kusema kwamba mkono wake mwenyewe ndio uliolitesa gari la mkunga, na kwamba kipimo cha baba kimepitwa.

“Baba alitumia msumeno huu kwa magari yote,” kaka alimjibu, bado ameinamia injini.

“Yote aliyoyaona, kaka. Hili hakuliona.”

“Na mimi je? Mimi nimeliona, siyo?”

“Umeliona mara tatu.”

Kaka akachukua tambara. Akaifuta mikono kidole kimoja kimoja. Mwisho akasema, “Haya, fungua hiyo droo. Likigoma, usiniletee tena habari za kiwandani.”

Shangazi akazipanua nafasi za plagi nne kwa kipimo cha geji, kidogokidogo, akipima kila alipoinua. Kaka akanyoosha kiganja, akazikaza, akawasha. Mkunga alikuwa amesimama pembeni na mkoba wake begani. Wakangoja gari litetemeke. Halikutetemeka. Spana iliyosahaulika juu ya injini ilikaa palepale kama imegundishwa.

“Limetulia,” mkunga akasema.

“Mm,” kaka akajibu.

Tangu siku hiyo magari mapya yanapimwa kwa geji, na msumeno umebaki kwa yale ya zamani. Mkunga hajarudi ila kumwaga oili. Kaka huwasimulia wateja kisa hicho kwa madaha, na neno analolipenda ni “tuligundua”.

“Anasema ‘tu’,” Shangazi anasema. “Ni hatua.”

Mchana kazi inapungua. Kaka anavuta tairi, anakaa karibu na kigoda. Mgeni aliyekuja kuandika habari zake anauliza swali lake la mwisho: baada ya hapa, Shangazi anataka nini?

“Andika ameridhika,” kaka anajibu. “Huyu ukimpa kitambaa cheupe, hana shida na mtu.”

“Na hapo mbele?”

“Mbele ipi? Atakuwa hapahapa, mimi na yeye. Andika hivyo.”

Shangazi anaiweka plagi kwenye kitambaa. Anavua miwani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mikono yake haishiki kitu.

“Kaka, usinijibie.”

Kaka anageuka.

“Nataka injini moja,” anasema. “Sisemi unipe gereji. Injini moja, niifungue mwenyewe, niifunge mwenyewe, niingie mle ndani niwashe kwa mkono wangu. Na wewe siku hiyo ukae hapa kwangu, nikinyoosha kiganja, unipe plagi.”