Udongo wa Maji ya Jikoni

Wajukuu wa jirani wakinisikia nikimtaja kaka yangu huniambia, "Bibi, hayo si yameshapita?" Yamepita kwenu. Kwangu mimi yamekaa hapa kooni, hayapandi wala hayashuki.

Niliachwa miaka michache baada ya bendera yetu kupandishwa. Sikujaaliwa kuzaa, mume akachoka kusubiri, nikarudi Diani kwa kaka na sanduku langu la bati. Tulizaliwa tumbo moja, baba mbalimbali, na ile ardhi ilikuwa ya baba yake. Mimi pale sikuwa na hata shubiri. Kaka alinipokea vizuri, siwezi kumsingizia. Akanionyesha shimo nyuma ya nyumba, mpakani na hoteli, mahali palipochimbwa mawe ya kujengea. Chini lilikuwa jiwe tupu la matumbawe, na maji machafu ya jikoni kwa hoteli yalikuwa yakimwagikia humo humo, mazito kwa mafuta, yananuka, nzi hawasemeki.

"Lima hapa, dada," akaniambia. "Utakachopata ni chako mpaka ufe. Ila usipande mnazi. Mnazi utayanywa maji yote, migomba yako ife kiu."

Nikaona kaka ananifikiria. Nikamwombea dua.

Yale maji mwanzoni yaliniunguzia kila nilichopanda. Mafuta yalikuwa yakiganda juu, hata mchicha ukashindwa kutoa kichwa. Nikachimba kishimo pale yanapoingilia, nikakijaza makumbi ya nazi na mchanga, maji yakawa yanapita humo kwanza. Mafuta yakang'ang'ania kwenye makumbi, na maji yakatoka upande wa pili mepesi, yakienda kwenye migomba kwa mfereji. Makumbi yakishalowa mafuta nilikuwa nikiyatoa, nayatupa shimoni pamoja na maganda ya viazi na vichwa vya samaki alivyokuwa akinipa mpishi wa hoteli, na majivu, na mwani uliotupwa na bahari, na samadi ya mbuzi niliyoletewa na watu wa Kinango walioshuka na mifugo. Juu nafunika makuti, naacha vioze. Siku niliyofukua nikakuta nyungunyungu, nilipiga vigelegele peke yangu kama mwendawazimu.

Watu walicheka, we! Wakaniita Mke wa Jaa. Nikipita kisimani mmoja anaziba pua, mwingine anauliza, "Bwana jaa hajambo?" Nami najibu, "Hajambo, ana mapenzi kuliko wako." Hata kaka alitia neno, akasema ndizi zangu ni za najisi kwa sababu jikoni kwa wazungu kunapikwa nguruwe. Nikaenda kumuuliza mwalimu wa chuo chetu cha Kurani. Akaniambia kinachomea juu ya najisi hakiwi najisi, nioshe nile bila wasiwasi. Baada ya hapo kaka alikuwa wa kwanza kuja na sahani. Mikungu ilikuwa ikishuka hata naifungia miti ya kuiegemeza. Mchicha, mabiringani, pilipili, vyote vilitoka mle. Jembe likawa linazama lote, mahali ambapo zamani lilikuwa likitoa cheche. Kwa mara ya kwanza tangu niachwe nilikuwa nalala bila kujiuliza nitakula kwa nani.

Asubuhi moja nikakuta vigingi vimepigwa katikati ya migomba yangu. Nikamwendea kaka. "Kaka, hivi ni nini?"

"Tutazungumza, dada."

Hatukuzungumza. Mpishi ndiye aliyenieleza kwamba hoteli inapanuliwa, na kaka ameshawauzia ule upande wote pamoja na bustani. Bustani! Nikavaa buibui langu, nikaenda kushtaki kwa wazee wa mji.

Sasa kwetu Pwani ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Mtu anaweza kuuza kiwanja chake, lakini minazi ya mwenzake iliyomo hawezi kuigusa mpaka aridhiane naye. Wako watu wameishi umri mzima kwenye ardhi ya wengine kwa nguvu ya minazi michache tu. Ila mgomba hauhesabiwi mti. Ukikatwa umekatwa. Haya nilikuwa nikiyajua, mtoto gani wa Pwani asiyeyajua? Lakini hayo ni mambo ya mtu na jirani, au mtu na mgeni. Sikudhani hata siku moja kwamba mtu humpandia mnazi ndugu yake wa tumbo moja ili asimfukuze.

Mzee mkubwa akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, una minazi mingapi mle?"

"Sina."

"Mwembe? Mkorosho?"

"Sina, mzee. Nina migomba na mboga. Na udongo. Ule udongo nimeutengeneza mimi, pale palikuwa jiwe."

Wakatazamana. "Udongo ni wa ardhi, mwanangu," akasema yule mzee mkubwa.

Ndipo kaka akainamisha kichwa, akatoa sauti ya huruma kabisa. "Mimi roho inaniuma, wazee wangu. Lau angepanda hata mnazi mmoja, leo ningempa haki yake mbele yenu."

Loo! Nilimtazama usoni, naye akanitazama, hata kope haikucheza. Wallahi sijapata kuchomwa vile, hata siku niliyopewa talaka. Talaka aliniandikia mtu baki. Huyu tulinyonya ziwa moja, na siku ile ile aliyonipokea na sanduku langu alikuwa ameshajua atakavyonitoa. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wenyewe.

"Basi nitauchukua udongo wangu," nikasema.

Wazee wakacheka kidogo. "Utaubebaje?"

"Kwa kichwa. Ndivyo ulivyokuja."

Hawakunikataza. Labda waliona ni hasira, zitapoa. Shangazi yangu, ng'ambo ya barabara, alikuwa na kiwanja cha changarawe, akaniambia niulete. Nikaanza kuchota kwa makanda, mifuko yetu ya kusukwa. Wale wanawake wa kisimani walionicheka wakaja mmoja mmoja, wamejifunga vibwebwe, kila mmoja na kanda lake. Tulichota mpaka jembe likatoa cheche tena.

Kaka akaja mbio. "Dada, unanifanyia nini? Wenye hoteli nimewaahidi bustani!"

"Waambie bustani imehama."

"Mimi ni ndugu yako, mama mmoja."

"Mama alizaa wawili," nikamwambia. "Nihesabu mimi nimekufa, nami nikuhesabu wewe." Nikajitwika kanda langu, nikavuka barabara.

Hoteli ilijengwa vile vile. Walileta udongo mwekundu kwa malori, wakapanda maua yao. Mimi kwa shangazi nilianza upya, na mche wa kwanza kuutia ardhini, shangazi alisimama kando yangu kuhakikisha, ulikuwa mnazi.

Kaka alipofariki miaka mingi baadaye waliniletea mtu aniite mazikoni. Alinikuta napalilia. Nikamwambia nenda baba, wape pole wafiwa. Mimi kaka yangu nilishamlilia.