Eddo wa kaunta

Leo nimeona mgonjwa anayesimama kwa shida akikataa kiti.

Niko kliniki moja hapa Garissa, kikohozi kimenizidi. Mabenchi yamejaa. Mbele yangu kwenye kaunta kuna mama mzee aliyetoka mbali, Hadado, ameegemea ukuta.

Karani yuko kwenye simu yake, hata hainui macho.

"Jina?"

"Halima Abdi Hassan."

"Halima Abdi Hassan mko wanne humu kwenye rejista. Ongeza jina. Na haraka, mama, usinichoshe."

Sasa, huku kwetu ukimwambia mzee aongeze jina, jipange.

Mama akaanza. Baba ya huyo Hassan. Baba yake huyo. Na baba yake huyo tena. Polepole, bila kukwama, kama anayesoma.

Alipofika la saba, karani aliweka simu chini.

La nane akalitaja karani mwenyewe. Kumbe ni babu yao wote wawili!

Wacha atoke mbio na kiti chake. "Eddo, shangazi yangu, nisamehe. Kaa hapa, daktari atakuona sasa hivi."

Mama akakiangalia kile kiti.

"Nilipokuwa mgonjwa nilisimama. Nimekuwa shangazi ndiyo napewa kiti?"

Hata mimi niliacha kukohoa.

Akaketi sakafuni, akamwonyesha mwanamke mmoja aliyebeba mtoto.

"Mpe yule. Na babu yake usimuulize."

Zamu yangu ilipofika, karani aliniuliza jina akiniangalia usoni.

Nilitaja mawili tu. Yakatosha.

Nyinyi mngekikalia kiti hicho?